Ujenzi wa Hadhira ya Mpira wa Kikapu Nje ya Marekani: Mfano wa China na Afrika

Makala haya yanaeleza namna NBA, ligi ya mpira wa kikapu ya Marekani, ilivyojipatia hadhira katika nchi nyingine, na sababu zinazoweza kuitikisa hadhira hiyo. Hoja kuu ni kwamba matangazo ya televisheni huwavuta watazamaji, lakini kinachowafanya wadumu ni kuwa na wachezaji na mashindano wanayoyahesabu kuwa yao.

China ni mfano ulio wazi. Mwishoni mwa miaka ya 1980, mechi za NBA zilianza kuonyeshwa na CCTV, televisheni ya taifa. Mwaka 2002, klabu ya Houston Rockets ilimteua Yao Ming, mzaliwa wa Shanghai, akiwa wa kwanza katika uteuzi wa wachezaji wapya. Tangu hapo, Wachina wengi hawakutazama mchezo wa wageni tu, bali walimfuatilia mwenzao. Saa nazo zilisaidia: wakati wa baridi, mechi inayoanza New York saa 1:30 usiku huonekana Beijing saa 2:30 asubuhi inayofuata.

Hata hivyo, hadhira hiyo ilitegemea sana ridhaa ya mtangazaji. Mwezi Oktoba 2019, meneja mkuu wa Rockets, Daryl Morey, aliandika mtandaoni ujumbe wa kuwaunga mkono waandamanaji wa Hong Kong. CCTV ilisitisha matangazo ya NBA, na hayakurejea katika utaratibu wa kawaida hadi 2022. Mashabiki walikuwapo, lakini njia kuu ya kuwafikia ilifungwa.

Kwa upande wa Afrika Mashariki, kikwazo cha kwanza ni saa. Mechi hiyohiyo ya New York huanza saa 9:30 usiku kwa saa za Dar es Salaam. Hasheem Thabeet, Mtanzania, aliteuliwa wa pili na Memphis Grizzlies mwaka 2009. Lakini mechi nyingi za ligi hiyo zilichezwa wakati watu wa kwao wamelala. Kuwa na mchezaji wa nyumbani pekee, basi, hakutoshi.

Ligi ya Mpira wa Kikapu ya Afrika, BAL, iliyoanzishwa na NBA pamoja na shirikisho la kimataifa FIBA, ilishika njia tofauti. Msimu wa kwanza ulifanyika Kigali mwezi Mei 2021 ukiwa na klabu 12. Zamalek ya Misri ilitwaa ubingwa, na Patriots ya Rwanda ilifika nusu fainali. Hapa mtazamaji hupata mechi kwa saa zake, na klabu za bara lake.

Kwa hiyo, upanuzi wa hadhira haupaswi kupimwa kwa idadi ya watazamaji peke yake. Swali la msingi ni kitakachobaki pale mchezaji mashuhuri anapostaafu au matangazo yanapokatizwa. Penye klabu, viwanja na ligi za wenyeji, mchezo una pa kuendelea.