Panga la shamba na panga la barabarani

Mkulima wa Kulesa aendaye shambani na panga au shoka havunji sheria, wala mfugaji mwenye fimbo nyuma ya ng'ombe wake. Vifaa hivyo havihitaji leseni. Kinachoangaliwa ni mahali, wakati na sababu.

Kifungu cha 88 cha Kanuni ya Adhabu kinakataza kutembea hadharani na silaha bila sababu halali, kwa namna ya kuwatia watu hofu. Cha 308 ni kikali zaidi: anayekutwa na silaha hatari katika hali inayoonyesha nia ya kutenda kosa kubwa anaweza kufungwa miaka 7 hadi 15. Katika mikutano ya hadhara, silaha zimekatazwa kabisa.

Je, kujilinda? Haki hiyo ipo unaposhambuliwa, kwa nguvu inayolingana na hatari. Si kibali cha kuzunguka Garsen usiku na rungu au mkuki. Baada ya mapigano ya 2012, yaliyoua watu zaidi ya 100 Tana Delta, jirani akiona kundi lenye mikuki hangoji kuuliza linakwenda wapi.

Anayetishiwa aripoti kwa chifu au polisi mapema. Anayetoka shambani kupitia sokoni, panga lifungwe guniani.