Majarida Yetu Yasifichwe Kabatini

Wahenga walinena kwamba chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Kwa majarida ya kitaaluma ya jamii ndogo za watafiti, methali hii imetuponza. Hata mchonga mawe wa Tabaka, kazi yake iwe nzuri vipi, huipeleka penye wanunuzi.

Miaka michache iliyopita, mwanafunzi kutoka Nyamira alinijia akitaka kubadili mada ya tasnifu yake. Alikuwa amekusudia kuchunguza ngeli za Ekegusii, lakini baada ya kutafuta mtandaoni kwa majuma mawili, alikata tamaa. "Mwalimu, hakuna aliyeandika," akaniambia. Nilifungua kabati, nikamtolea toleo la jarida moja dogo lenye makala juu ya mada iyo hiyo. Mwandishi wa makala hayo nilikuwa mimi. Sijui nani kati yetu aliyeona haya zaidi.

Kosa lilikuwa wapi? Jarida lile lilikuwa kwenye tovuti, ila kama kurasa zilizopigwa picha, toleo zima katika faili moja, bila ikisiri wala maneno ya msingi. Mitambo ya kutafutia hutegemea maandishi. Picha ya ukurasa mara nyingi huwa kwao ukuta mtupu. Isitoshe, mimi niliandika "Kigusii" katika kichwa, ilhali yeye alitafuta "Ekegusii". Wengine huandika "Gusii" au "Kisii".

Hapa sisi wanaisimu tuna dawa ambayo tumeipuuza. Msimbo wa kimataifa wa lugha hii ni guz; katika uainishaji wa Guthrie ni E42. Makala yakibeba misimbo hiyo pamoja na majina yote manne, mtafutaji aliye Tokyo na aliye Keroka watafika mlango mmoja.

Gharama nazo zisiwe kisingizio cha kila jambo. Programu ya Open Journal Systems, iliyobuniwa Kanada mwanzoni mwa miaka ya 2000, hutolewa bure, na kila makala hupewa ukurasa wake. African Journals Online, iliyoanza mwaka 1998, hukusanya majarida ya Afrika mahali pamoja. Jarida la Kiswahili la Dar es Salaam, ambalo chimbuko lake ni mwaka 1930, leo lasomeka mtandaoni. Tunachokosa zaidi ni mhariri aliyepewa muda, na vyuo vinavyoihesabu kazi ya uhariri wakati wa kupandisha walimu vyeo.

Mwanafunzi yule aliirudia mada yake, akaanzia pale nilipoishia. Ndivyo elimu inavyopaswa kukua. Lakini yeye alibahatika kubisha mlango wangu. Je, ni wangapi waliokwisha kuiacha lugha ya mama zao, wakaandika juu ya nyingine, kwa kuamini kwamba hakuna aliyewatangulia?