Mlenda Bila Muhuri: Usalama wa Vyakula vya Asili Sokoni Juba

Usalama wa vyakula vinavyouzwa Juba husimamiwa na Shirika la Taifa la Viwango, lililoundwa kwa sheria ya 2012, mwaka mmoja baada ya uhuru wa Sudan Kusini. Nchi hiyo ilipojiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2016, iliingia pia katika viwango vya pamoja. Viwango hivyo haviruhusu sumukuvu katika mahindi na karanga izidi mikrogramu 10 kwa kilo, na ile ya B1, iliyo kali kuliko zote, isizidi 5. Mwaka 2023 maofisa walizuia malori ya mahindi na unga kutoka Uganda kwa sababu ya sumu hiyo.

Malori ni rahisi kukagua, kwa kuwa mengi hupita njia moja, ile ya Nimule, mpakani na Uganda. Mazao ya nyumbani yanayofika soko la Konyo Konyo hayana njia moja wala karatasi: mlenda, bamia zilizoanikwa, ukwaju, matunda ya lalob, mihogo, karanga.

Karanga ndizo zenye mashaka zaidi. Zikivunwa wakati wa mvua, zikaanikwa chini na kufungwa gunini kabla ya kukauka, huota ukungu unaotoa sumu ileile inayozuiwa mpakani. Mnunuzi wa karanga nzima hutupa punje mbovu. Wa karanga zilizosagwa hana la kutupa, kwa maana mashine imeshaficha kila kitu.

Mihogo michungu ina sumu yake yenyewe, sianidi, inayotolewa kwa kuloweka, kuvundika na kukausha. Kanuni za kimataifa huruhusu miligramu 10 tu kwa kilo ya unga. Wazee hawakuhitaji kipimo hicho. Walihitaji siku za kutosha, na njaa ndiyo hupunguza siku. Wilayani Tarime, Tanzania, mwaka 1985, ukame ulifupisha maandalizi hayo na watu wakapooza miguu kwa ugonjwa wa konzo.

Mafuta ya shea, chakula kingine cha asili, yana kiwango cha Afrika tangu 2017, ambacho huwafaa hasa wanaouza nje ya nchi. Mlenda, kwa upande wake, hauna sumu ya kuogopwa. Hatari yake ni maji machafu ya kumwagilia na kuoshea.

Kwa mlaji wa Juba, ukaguzi wenye faida ni wa mashine za kusaga karanga na maghala ya mihogo. Kumtoza mama muuza mlenda ada ya muhuri wa viwango kutapandisha bei ya fungu, na maji yatabaki yaleyale.