"Rezo haiko": neno moja, hitilafu nyingi

Huko Lulimba, kama ilivyo Baraka na Fizi, matatizo yote ya intaneti huelezwa kwa sentensi moja: "rezo haiko". Neno hili tulilolipokea kutoka Kifaransa hubeba ishara ya simu, Wi-Fi, intaneti, hata mega zilizonunuliwa. Wanaisimu tutasema ni upanuzi wa maana. Kwa mwanafunzi wa likizo anayetaka kutuma kazi yake kwa mwalimu, ni hasara: hununua mega nyingine, kumbe hitilafu iko katika kifaa kilicho mezani. Tuyatenganishe basi maneno.

Mtandao, neno lenye asili moja na kutanda na utando wa buibui, ni vifaa viwili au zaidi vinavyopelekeana data. Simu mbili na kompyuta moja nyumbani ni mtandao tayari. Intaneti ni mtandao wa mitandao.

Ruta, ambayo wengine huiita kipanga njia, husimama mpakani kati ya mitandao na kuamua kila furushi la data lipite wapi, kama mtu wa njia panda anayeonyesha gari lipi linakwenda Fizi na lipi Misisi. Modemu hugeuza ishara ya mnara au satelaiti iwe data. Vifaa vidogo vya kadi ya SIM huwa na vyote viwili ndani ya ganda moja, ndiyo maana majina huchanganywa.

Wi-Fi ni redio kati ya simu yako na ruta tu. Alama yake ikijaa, haithibitishi kwamba intaneti ipo.

Anwani ya IP ni namba ya kifaa mtandaoni. Mfumo wa zamani, IPv4, una biti 32, yaani anwani kama bilioni 4.3, ambazo hazitoshi dunia nzima. Kwa hiyo ruta hugawa anwani za ndani, kwa mfano 192.168.1.5, zinazorudiwa katika nyumba nyingi, kama vile kila mtaa unavyoweza kuwa na nyumba namba 5. Lango ni anwani ya ruta yenyewe, mara nyingi 192.168.1.1 au 192.168.0.1.

Seva ya majina hugeuza jina la tovuti kuwa anwani ya IP. Ikikwama, kurasa hazifunguki ingawa njia ni nzima.

Ucheleweshaji ni muda wa kungoja jibu. Satelaiti iliyo kilomita 36,000 juu ya ikweta hulazimisha swali na jibu kusafiri karibu nusu sekunde. Mega zaidi haziufupishi muda huo.

Sasa "rezo haiko" inaweza kuchunguzwa. Je, simu imeunganishwa na Wi-Fi? Ikiwa hapana, shida ni ya redio au nenosiri. Andika anwani ya lango katika kivinjari: ukurasa wa ruta ukifunguka, upande wa ndani ni mzima. Kisha angalia ukurasa huo: ruta inapata ishara ya mnara? Ikiwa inapata, hapo ndipo uulize salio la mega.

Rezo libaki katika mazungumzo yetu, ni neno letu. Ila anayemwita fundi aseme ni Wi-Fi, ni ruta au ni mnara, ili fundi ajue aanzie wapi na yeye asilipe mara mbili.