Maktaba Huria za Programu na Uchanganuzi wa Kimvita

Mtafiti anayenakili usemi wa Kimvita huko Mwakirunge, Kisauni, aweza kukutana na neno *ameteka*. Kwa Kiswahili Sanifu mtu huyo ameteka maji, au pengine mateka. Kwa Kimvita amecheka. Kadhalika *ndia* ni njia. Tarakilishi iliyofunzwa Sanifu pekee italiona neno la kwanza kwa maana isiyo yake, na la pili italihesabu kuwa kosa.

Tangu 1985 Arvi Hurskainen wa Chuo Kikuu cha Helsinki alishughulikia uchanganuzi wa mofolojia ya Kiswahili kwa tarakilishi, akitumia mfumo wa ngazi mbili ulioasisiwa na Kimmo Koskenniemi mwaka 1983. Baadaye zilipatikana maktaba huria za programu, kama vile HFST ya Helsinki na foma ya Mans Hulden, ambazo hugeuza kanuni za mwanaisimu kuwa kichanganuzi. Uhuria huo si wa bei tu. Kanuni zenyewe zikitolewa wazi pia, mwanaisimu wa Mombasa aweza kuzifungua, akaongeza kwamba *ch* ya Sanifu huwa *t*, na mwenziwe wa Lamu akazirekebisha.

Lakini kanuni hiyo yahitaji mipaka: *chai* ni neno la mkopo, na *ch* ya *chakula* imetokana na *ki-*, yote mawili hayabadiliki. Ama *ameteka*, kichanganuzi hakina budi kutoa maana zote, muktadha uamue.