Akiba Isiyofikika Haimwokoi Mzamiaji

Wahenga walisema akiba haiozi, lakini chini ya bahari huoza, tena upesi. Chumvi hula chuma, chembe moja ya mchanga kwenye pete ya mpira inayoziba tochi hupitisha maji hadi kwenye betri, na kifaa kinachoning'inia hugonga miamba hadi kikaharibika kabla ya siku ya kuhitajiwa. Kwa hiyo kuhesabu vifaa vya ziada hakutoshi kupima usalama wa mzamiaji. La kuuliza ni kila kimoja kimekaa wapi, na kama bado kinafanya kazi.

Ushahidi mzito zaidi unatoka katika mapango yaliyojaa maji ya Florida, Marekani. Mwaka 1979 mzamiaji Sheck Exley alichapisha kitabu kilichochambua ajali za mapangoni. Miongoni mwa sababu kuu alizozitaja ni kuingia bila kamba ya mwongozo inayofika hadi nje, na kutobakiza theluthi mbili za hewa kwa ajili ya kurudi. Pangoni huwezi kupanda juu moja kwa moja, kwani juu ni mwamba. Ndiyo maana huko kila mzamiaji hutakiwa kubeba tochi tatu, moja kuu na mbili za akiba. Lakini tochi tatu zinazobembea ovyo zinaweza kunasa kamba ile ile inayoonyesha njia. Mzamiaji wa mapangoni William Hogarth Main na wenzake wakapunguza kila kinachoning'inia. Katika mpangilio uliobeba jina lake, tochi za akiba hulala kifuani, zimebanwa kwa vipande vya mpira kwenye mikanda ya mabega, na klipu zake hufungwa kwa uzi ili kitu kikinasa kiweze kukatwa kwa kisu.

Kinachopaswa kuamua mahali pa kifaa ni muda ambao mtu anaweza kuvumilia bila hicho kifaa. Katika kina cha mita 30 shinikizo ni mara nne ya lile la juu ya maji, na hewa huisha kwa kasi hiyo hiyo. Asiye na hewa ana sekunde chache tu. Hivyo wazamiaji wa mapangoni huvaa kipumulio cha akiba chini ya kidevu, kwenye kitanzi cha mpira shingoni, mahali ambapo hakiburuzwi mchangani. Mwenzao akiishiwa, humpa kile wanachopumulia, ambacho wana hakika kinafanya kazi, wao wakachukua cha kidevuni. Miwani ikipotea mtu huona ukungu lakini anaendelea kupumua, kwa hiyo miwani ya akiba yaweza kukaa katika mfuko wa paja, mbali na vyuma vitakavyokwaruza kioo.

Wapo watakaosema haya ni ya mapangoni, na kwamba mtalii anayezamia mita 15 akitazama samaki ana mwenza wa kumsaidia. Ni kweli kwamba hahitaji tochi tatu mchana. Hata hivyo, mwenza naye anategemea kipumulio chako cha akiba, na hakitamfaa kikiwa kimejaa mchanga. Tena katika mikondo mikali ya Mkondo wa Pemba, watu wawili wanaweza kuibuka mbali na chombo chao. Boya la kujaza hewa lililosahaulika botini haliwezi kuwaonyesha kwa nahodha. Wengine hudai kwamba kilichofichwa mfukoni hakipatikani haraka. Hoja hiyo ina uzito, na jibu lake ni mazoezi: kukitoa na kukirudisha kwa mkono mmoja, bila kutazama, kwenye maji mafupi.

Hoja ya mwisho, kwamba cha ziada hakidhuru, ndiyo dhaifu kuliko zote. Maji yana uzito takribani mara 800 ya hewa, hivyo kila kinachojitokeza mwilini humkokota mzamiaji, humchosha na kumfanya apumue zaidi. Kifaa kisicho na sababu hula hewa ambayo ndiyo akiba ya kwanza. Kabla ya kuruka majini, basi, mzamiaji afumbe macho na kugusa kila kifaa cha akiba, awashe tochi na avute pumzi kwenye kipumulio cha pili. Kisichopatikana kihamishwe, kibovu kibadilishwe, na kisichohitajika kibaki nchi kavu.