Uchoraji wa Picha katika Kompyuta ya Kujiundia: Mfano wa Chipu ya TMS9918A

1.0 Utangulizi

Makala haya yanaeleza jinsi kompyuta ndogo ya biti 8, iliyoundwa nyumbani kwa mikono, inavyochora picha kwenye kiwambo, na kwa nini mwandishi wa programu za aina hii hulazimika kushika na chuma cha kulehemia. Wapo watu, hasa Ulaya, Marekani na Japani, ambao hadi leo huunda kompyuta za mtindo wa mwishoni mwa miaka ya 1970 na mwanzoni mwa miaka ya 1980. Aghalabu huanza na prosesa ya Z80, ambayo kampuni ya Zilog iliitoa mwaka 1976, wakaiunganisha na kumbukumbu, kisha wakatafuta njia ya kupata picha. Wengi huishia kwenye chipu ya TMS9918A ya Texas Instruments. Chipu hiyo na ndugu zake zilitumika katika TI-99/4A (1981), ColecoVision (1982) na kompyuta za MSX (1983).

Katika maelezo yanayofuata, neno nukta litatumika kwa doa dogo kabisa la nuru kwenye kiwambo, na kigae kwa mraba wa nukta 8 kwa 8. Hili la pili tumelichagua kwa kuwa linaeleza kazi yenyewe: picha hupangwa kama fundi anavyopanga sakafu.

2.0 Kiwambo cha Vigae

Kiwambo cha chipu hii kina nukta 256 kwa upana na 192 kwa kimo, yaani nukta 49,152. Iwapo kila nukta ingejichagulia rangi miongoni mwa 16, zingehitajika baiti 24,576 za kumbukumbu, ilhali chipu hutumia baiti 16,384 tu. Ndiyo sababu ya vigae. Katika hali ya kwanza ya uchoraji, kiwambo hugawanywa kuwa vigae 768, yaani safu 32 kwa mistari 24. Jedwali la majina huwa na baiti 768, kila moja ikitaja namba ya kigae kitakachokaa mahali pake. Jedwali la maumbo hutunza maumbo 256 kwa baiti 8 kila moja, jumla baiti 2,048. Jedwali la rangi lina baiti 32 peke yake.

Ubahili huo wa rangi una matokeo ambayo msomaji wa lugha atayaelewa upesi. Kila baiti ya rangi hutaja rangi mbili, ya nukta zilizowashwa na ya zilizozimwa, nayo huhudumia maumbo manane yanayofuatana. Tuchukue neno BAHARI, na tuchukulie kwamba herufi zimewekwa kwa namba za kawaida za ASCII. A ni 65 na B ni 66, hivyo zimo katika kundi la 64 hadi 71. H (72) na I (73) zimo katika kundi linalofuata, na R (82) katika kundi la 80 hadi 87. Mtu akibadilisha rangi ya kundi la kwanza ili kuipamba B iliyo mwanzoni, A zote mbili zitabadilika pia, na neno litatokea kama kanga iliyoshonwa kwa vipande. Dawa ya kawaida ni kunakili umbo la B katika kundi jingine lisilotumika. Herufi moja basi huwa na namba mbili, nalo jedwali la majina ndilo huamua ipi itumike wapi.

Hali ya pili ya uchoraji huondoa sehemu ya kero hii. Humo kila mstari wa nukta nane una rangi zake mbili. Gharama yake ni baiti 6,144 za maumbo na 6,144 za rangi, pamoja na zile 768 za majina: jumla 13,056. Kinachobaki hutosha kwa spraiti, yaani vijipicha vinavyoelea juu ya vigae. Hizo ni 32, lakini katika mstari mmoja wa nukta huonekana nne tu. Ya tano hupotea.

3.0 Marekebisho ya Saketi

Kumbukumbu ya picha haimo katika kumbukumbu ya prosesa. Imeunganishwa na chipu ya picha peke yake. Hapo awali zilihitajika chipu nane za aina ya 4116, nazo zilidai umeme wa namna tatu: volti +12, +5 na −5. Waundaji wa leo huziacha, wakaweka chipu moja ya kumbukumbu tuli inayotumia volti +5 tu. Tatizo ni kwamba TMS9918A hutoa anwani kwa nusu mbili kupitia waya zilezile, kama zile chipu za zamani zilivyotaka, ilhali kumbukumbu tuli huitaka anwani nzima kwa mara moja. Kwa hiyo huongezwa chipu ndogo za kunasia, ambazo huishika nusu ya kwanza mpaka ya pili ifike.

Mtego mwingine ni wa kiistilahi. Katika nyaraka za Texas Instruments, biti ya 0 ni ile yenye thamani kubwa kuliko zote. Katika zile za Zilog ni yenye thamani ndogo kabisa. Anayeunganisha D0 na D0 kwa kuamini majina huwa amepindua kila baiti. Chipu haiungui, ila hupokea amri zisizo na maana. Waya zinapaswa kupishana: 0 na 7, 1 na 6, na kuendelea.

4.0 Kasi na Baiti Zinazopotea

Prosesa huwasiliana na chipu kupitia milango miwili. Katika mmoja hupeleka anwani kwa baiti mbili. Katika wa pili hupeleka data, na anwani hujiongeza yenyewe kila baiti ipitapo. Lakini picha inapochorwa, chipu inashughulika kuisoma kumbukumbu yake, hivyo prosesa huenda ikahitaji kungoja hadi mikrosekunde 8 kati ya baiti na baiti. Chipu haina waya wa kuiambia prosesa isubiri. Baiti iliyowahi mno hupotea kimyakimya.

Hapa ndipo uzuri wa vipuri vya leo unapogeuka kuwa tatizo. Kompyuta nyingi za kujiundia huendesha Z80 kwa mapigo 7,372,800 kwa sekunde. Amri ya OTIR, inayopeleka baiti mfululizo, huchukua mapigo 21 kwa kila baiti, yaani mikrosekunde 2.85. Usalama ungedai mapigo 59. Inawezekana kuongeza saketi inayoubana waya wa kusubiri wa prosesa, lakini kwa maoni yetu ni afadhali kulitatua jambo hili kwa programu. Kati ya picha moja na inayofuata kuna kipindi cha takriban mikrosekunde 4,300 ambapo mikrosekunde 2 za kungoja zinatosha. Katika kipindi hicho OTIR inaweza kupeleka takriban baiti 1,500. Jedwali zima la majina linaenea. Baiti 6,144 za maumbo hazienei, hivyo hupelekwa kidogo kidogo au kiwambo kikiwa kimezimwa.

Chipu hutangaza mwanzo wa kipindi hicho kwa katizo, mara 60 kwa sekunde, na prosesa hulifuta kwa kuisoma rejista ya hali. Usomaji huohuo huifanya chipu isahau kwamba ilikuwa imepokea nusu ya anwani. Katizo likitokea kati ya baiti mbili za anwani, baiti inayofuata huchukuliwa kuwa ya kwanza, na data huangukia mahali pasipotarajiwa. Mwandishi huzuia makatizo kabla ya kupeleka anwani, kisha huyaruhusu tena. Njia hii haifai iwapo waya wa katizo umelehemiwa kwenye pini ya NMI, ambayo prosesa haiwezi kuipuuza, kama ilivyofanywa katika ColecoVision. Katika saketi ya namna hiyo, kishughulikia katizo huweka alama tu katika kumbukumbu endapo kazi ya kupeleka inaendelea, nayo rejista ya hali husomwa baada ya kazi hiyo kwisha.